Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kurekodi video ya kamera hadi iwe faili ndani ya programu ya simu

Ukurasa huu ni wa vijana wanaotengeneza programu za simu hapa Bagamoyo, na wa kila aliyewahi kunitumia ujumbe saa nne usiku akiuliza video yake imekwenda wapi. Mengi ya humu nimejifunza nikitengeneza programu moja ndogo ya kikundi cha ngoma. Wanarekodi mazoezi, kisha mwalimu wao anayatazama jioni na kuweka alama pale mguu ulipokosea. Simu zao ni za kawaida, za gigabaiti 32, nyingine kioo kimepasuka pembeni. Kamera ilifanya kazi siku ya kwanza. Kilichonila miezi ni faili.

Kwa nini nisiite tu kamera ya simu, irekodi yenyewe, kisha inirudishie video?

Unaweza, na mara nyingi ndiyo akili. Kwenye Android unatuma ombi la ACTION_VIDEO_CAPTURE: kamera ya simu inafunguka, mtumiaji anarekodi, anakubali, nawe unapokea anwani ya faili. Kwenye iPhone kazi hiyo hufanywa na UIImagePickerController. Kama unachotaka ni sekunde 20 za samaki akiwa juu ya mizani pale sokoni ufukweni, ishia hapa, kanywe kahawa.

Mtego ni mmoja, na huwashangaza wengi. Ukiitangaza ruhusa ya kamera kwenye manifesti (faili linaloieleza programu yako kwa Android), halafu mtumiaji hajaitoa, Android itakataa hata ombi hilo la kuazima kamera ya simu. Usipoitangaza kabisa, ombi linapita. Kwa hiyo usiandike ruhusa usiyoihitaji.

Kamera yako mwenyewe utaihitaji unapotaka kutawala kitu: ubora, urefu, jina la faili, maandishi juu ya picha, au kurekodi kwa vipande. Majibu yaliyobaki ni ya watu wa kundi hilo.

Kati ya lenzi na faili kunatokea nini?

Hesabu kwanza. Fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ya 1920 kwa 1080, kwa mpangilio wa rangi wa YUV 4:2:0 unaotumika sana kwenye kamera za simu, ni baiti 3,110,400. Kwa fremu 30 kila sekunde unapata megabaiti 93 kwa sekunde, gigabaiti 5.6 kwa dakika. Simu ya gigabaiti 32 ingejaa kabla wapigaji hawajamaliza kupasha ngoma moto.

Ndiyo maana katikati kuna kodeki, yaani kibanaji cha video. H.264, iliyosanifiwa mwaka 2003, haiandiki kila fremu nzima. Huandika fremu kamili mara moja moja, na kwa zinazofuata huandika tofauti tu: mkono umesogea hapa, ukuta wa nyuma uko vilevile. Kazi hiyo hufanywa na sehemu maalumu ya chipu ya simu, siyo na msimbo wako. Sauti nayo hubanwa kivyake, kwa kawaida kwa AAC. Ukirekodi kwa megabiti 10 kwa sekunde, zile gigabaiti 5.6 za dakika moja zinakuwa megabaiti 75.

Baada ya hapo picha na sauti hupakiwa pamoja kwenye MP4. Watu huchanganya mambo haya mawili kila siku, basi tuyaweke kwa lugha ya ufukweni. H.264 na AAC ni namna ya kufunga mzigo. MP4 ni chombo kinachoubeba. Ndani ya chombo kuna mzigo wenyewe na orodha ya shehena: fremu ya 1 iko wapi, ya 2 iko wapi, sauti ya sekunde ya tatu inaanzia baiti ya ngapi. Mchezaji wa video husoma orodha kabla ya kugusa mzigo. Ishike picha hii, maana nusu ya maswali yanayofuata yanarudi hapo.

Nitumie zana gani?

Android: CameraX, maktaba ya kamera ya Google. Camera2 iko chini yake na ina uwezo zaidi, lakini utaandika msimbo mara tatu, na kila aina ya simu itakuletea ugomvi wake ambao watengenezaji wa CameraX wameshausuluhisha. MediaRecorder, zana ya zamani ya Android ya kurekodi, bado ipo na bado inafanya kazi.

iPhone: AVFoundation, ukianza na AVCaptureMovieFileOutput. AVAssetWriter ni ya anayetaka kugusa kila fremu kabla haijaandikwa, kwa mfano kuchora jina la kikundi juu ya picha.

Kwa wanaoandika programu moja ya simu zote mbili: Flutter ina kifurushi rasmi cha kamera, na wa React Native wengi wako kwenye VisionCamera. Zote mbili, ukichungulia chini, zinaita hizohizo za Android na iPhone. Kwa hiyo hitilafu zao ni hizihizi, ila zimevaa nguo nyingine.

Ruhusa zipi zinahitajika?

Kamera na maikrofoni, na ziombwe wakati wa kutumia. Android imedai hivyo tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015. Kwenye iPhone, usipoandika sababu ya kila moja ndani ya Info.plist (faili la maelezo ya programu), programu itaanguka papo hapo inapogusa kamera. Sababu hiyo iandike kwa Kiswahili cha kueleweka. Mama wa watu anaisoma.

Tangu Android 11 mtumiaji anaweza kukupa ruhusa ya mara hii tu, na akikukataa mara mbili mfumo hautamwuliza tena. Kwa hiyo usiombe programu inapofunguka. Subiri abonyeze kitufe cha kurekodi, hapo sababu inaonekana yenyewe. Na akikunyima maikrofoni lakini akakupa kamera, rekodi bila sauti na umwambie, usimfungie mlango.

Faili lipo, lina megabaiti 900, lakini halifunguki. Kwa nini?

Hili ndilo swali langu. Limenipata mwenyewe, kwa uzembe wangu.

Ilikuwa mazoezi ya mwisho kabla ya onyesho. Nikaweka simu juu ya kigoda, nikabonyeza rekodi, nikakaa kupiga makofi na wengine. Chaji ilikuwa asilimia 11. Dakika arobaini hivi baadaye simu ikazima. Nyumbani nikaichaji, nikalikuta faili, zito kabisa. Nikalifungua: muda 0:00, halichezi. Mwalimu, mzee aliyenifundisha kushika chapuo nikiwa mtoto, akaniuliza, "Mwanangu, sasa hicho ulichokirekodi kiko ndani au hakimo?" Kimo, mwalimu. Ila hakuna ajuaye kilipo.

Orodha ya shehena huandikwa wakati wa kufunga faili. Kinachomiminwa kwenye hifadhi muda wote wa kurekodi ni mzigo mtupu. Ukibonyeza simamisha, kodeki inamalizia fremu zilizobaki mkononi, orodha inaandikwa, faili linafungwa. Simu ikizima kabla, au mfumo ukaiua programu yako, chombo kimefika gatini kimejaa na karani hana karatasi hata moja. Baiti zote zipo, lakini kwa mchezaji wa video ni takataka.

Kuna zana huria iitwayo untrunc inayoweza kusaidia. Unaipa faili zima lililorekodiwa na simu ileile kwa mipangilio ileile, inajifunza mzigo umefungwaje, kisha inajaribu kuunda orodha upya kwa lile lililovunjika. Mimi iliniokolea picha, sauti ikatoka imechelewa. Usiitegemee.

Basi nifanyeje lisivunjike?

Rekodi vipande. Badala ya faili moja la saa nzima, funga faili kila baada ya dakika mbili na ufungue jipya. Simu ikizima, unapoteza kisichozidi dakika mbili. Ukisimamisha na kuanza upya kwa CameraX kunakuwa na pengo dogo kati ya kipande na kipande. Kwa mazoezi ya ngoma hakuna aliyelalamika, kwa harusi ningefikiri mara mbili. MediaRecorder ina njia laini zaidi tangu Android 8.0: unaitayarishia faili linalofuata kwa setNextOutputFile, nayo inavuka yenyewe la kwanza likifikia ukubwa uliouweka.

Njia nyingine ni kuandika orodha kidogo kidogo ndani ya faili lenyewe. Kwenye iPhone, AVCaptureMovieFileOutput hufanya hivyo bila kuombwa: kila sekunde 10 huandika sehemu ya orodha kwenye faili la MOV, hivyo likikatika, yaliyopita kabla ya sekunde hizo za mwisho yanasomeka. Hapo iPhone imetuzidi, tukubali. Kwa Android, anayeiendesha kodeki kwa mikono yake kupitia MediaCodec anaweza kutumia FragmentedMp4Muxer ya Media3. Kazi ni kubwa, na mimi nilirudi kwenye vipande.

Zaidi ya hayo, programu isimamishe yenyewe chaji ikifika asilimia 5. Isimamishe hifadhi ikikaribia kujaa. Isimamishe mtumiaji akitoka kwenda WhatsApp. Ni heri video fupi iliyofungwa kuliko ndefu isiyofunguka.

Tena, ukishaita simamisha usikimbilie faili. Kusimamisha ni ombi tu, kufunga huchukua muda wake. CameraX hukuletea tukio la VideoRecordEvent.Finalize, ndani yake mna anwani ya faili na msimbo wa hitilafu kama ipo: hifadhi imejaa, kikomo cha ukubwa kimefikiwa, hakuna data halali. Hapo ndipo unapoandika "Imehifadhiwa". Nimeona programu ngapi zinazoandika hivyo mara tu kidole kinapogusa kitufe!

Nikianza na kusimamisha haraka haraka, programu inaanguka.

MediaRecorder hurusha hitilafu usipoipa hata fremu moja kabla ya kusimamisha. Idake, futa faili tupu lililobaki, endelea. Au kizime kitufe cha kusimamisha kwa sekunde moja ya kwanza, hakuna atakayeona.

Faili niliweke wapi?

Jiulize kwanza: video ni ya nani, ya programu au ya mtumiaji?

Ikiwa ni ya programu, iweke kwenye folda yake binafsi. Huhitaji ruhusa yoyote ya hifadhi, na programu nyingine hazitaiona kwa urahisi. Ila mtumiaji akiondoa programu, video zinaondoka nayo. Kijana mmoja wa kikundi aliifuta programu "ili aiweke upya ifanye haraka", na mazoezi ya mwezi mzima yakaenda. Sikumlaumu, hakuna mahali nilipomwandikia.

Ikiwa ni ya mtumiaji, ipitishe MediaStore, daftari la Android la picha na video za simu, iingie folda ya Movies au DCIM. Itabaki hata programu ikiondoka, na itaonekana kwenye galari. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 huhitaji ruhusa ya kuandika huko kama faili ni lako mwenyewe. Njia ya kizamani ya kuandika moja kwa moja kwa anwani ya /sdcard, ambayo mafunzo mengi ya mtandaoni bado yanaifundisha, itakukwamisha kwenye simu mpya. Ukikuta somo la namna hiyo, angalia mwaka wake.

Sehemu ya tatu ni folda ya muda, na hiyo ni hatari ya kimyakimya. Mfumo una haki ya kuifuta nafasi ikipungua. Kifurushi cha kamera cha Flutter kikimaliza hukupa XFile, na kwenye Android faili hilo huwa limekaa humo. Lihamishe siku hiyohiyo. Usihifadhi anwani yake kwenye hifadhidata ukadhani kesho utalikuta.

Nimerekodi, lakini galari haionyeshi kitu.

Ama umeiweka kwenye folda binafsi ya programu, ambayo galari haiendi, ama umetumia MediaStore ukaacha alama ya IS_PENDING ikiwa 1. Alama hiyo inasema faili bado linaandikwa, wengine wasiliguse. Ukimaliza irudishe 0. CameraX ikitumiwa na MediaStoreOutputOptions hukufanyia hilo yenyewe.

Dakika moja ya video ni megabaiti ngapi?

Usiangalie ukubwa wa picha, angalia megabiti kwa sekunde. Zigawe kwa 8 upate megabaiti, zidisha kwa 60. Megabiti 2, zinazotosha video ya 480, ni megabaiti 15 kwa dakika. Megabiti 4 kwa 720 ni megabaiti 30. Megabiti 10 kwa 1080 ni 75. Sauti ya AAC ya kilobiti 128 inaongeza karibu megabaiti 1 tu, kwa hiyo usibanie sauti.

Kikundi chetu kinarekodi kwa 720 na megabiti 4. Saa mbili za mazoezi ni gigabaiti 3.7. Kwa 1080 zingekuwa zaidi ya 9, na simu zile hazina nafasi hiyo baada ya WhatsApp kuchukua fungu lake. Mwalimu anatazama miguu, hahesabu nyuzi za msuli.

Kwenye skrini ya kurekodi onyesha dakika zilizobaki, siyo gigabaiti. Gawa nafasi iliyobaki kwa uzito wa dakika moja: gigabaiti 2 kwa megabaiti 31 ni saa moja na dakika chache. Mtu anaelewa "zimebaki dakika 64". Gigabaiti anaelewa muuza simu.

Video inakatika yenyewe karibu na saa moja. Kuna kikomo?

Kama inaandikwa kwenye memori kadi yenye mpangilio wa FAT32, faili moja haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295. Kwa 1080 ya megabiti 10 na sauti yake, ni dakika 56 hivi. Kadi za hadi gigabaiti 32 kwa kawaida huja na mpangilio huo. Anayerekodi vipande hili halimgusi.

H.264 au HEVC?

HEVC, kodeki iliyoirithi H.264 mwaka 2013, hutoa ubora uleule kwa faili dogo zaidi, na iPhone imekuwa ikirekodi nayo tangu iOS 11. Lakini video zetu zinazunguka kutoka simu hadi simu, nyingine za zamani, na kompyuta ya ofisi ya kata haina hata habari nayo. Mimi natumia H.264 bila aibu. Ukimuuliza mtu anayeishi kwenye mtandao wa kasi atakwambia vingine.

Video imelala ubavu. Nimeshika simu vizuri kabisa!

Kihisi cha kamera kwa kawaida kimefungwa kwa ulalo ndani ya simu, hata ukiishika wima. Picha haizungushwi fremu kwa fremu, maana ni kazi nzito. Badala yake ndani ya MP4 huandikwa alama: "ukicheza, zungusha digrii 90". Wachezaji wengi wanaitii. Baadhi hawaitii, hasa programu za kuhariri na tovuti zilizoandikwa kwa haraka.

Wajibu wako ni kuipa CameraX mwelekeo sahihi wa simu kabla ya kuanza kurekodi. Kama skrini yako umeifunga isizunguke, usitegemee mwelekeo wa skrini, sikiliza kihisi cha simu kwa OrientationEventListener. Na ukishaanza, mwelekeo haubadiliki katikati: mtu akigeuza simu, atapata ngoma ya watu wanaotembea ukutani.

Sauti inasikika kama mtu anapasua turubai.

Huo ni upepo. Kipindi cha kusi hapa ufukweni hakuna programu itakayokuokoa. Funika tundu la maikrofoni na kipande chembamba cha sponji, au mpe mtu akae upande upepo unakotoka. Nimejaribu vichujio vya kila aina, sponji ya godoro imenishindia vyote.

Ngoma ina tatizo jingine. Simu nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe ili maneno yasikike. Msondo ukipigwa, zinashusha kila kitu, wimbo unazama, kisha unapanda taratibu, kisha pigo jingine. Kwenye Android jaribu chanzo cha sauti cha CAMCORDER, au UNPROCESSED kama simu inakikubali, kilichoingia na Android 7.0. Kisha sogeza simu mbali, hatua kumi kutoka kwa wapigaji badala ya tatu. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishoneki baadaye.

Usiku, chini ya taa, kuna mistari ya giza inapita kwenye picha.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Kamera ikipokea mwanga kwa muda ambao ni zidisho la sekunde 1/100, mistari inatulia. Camera2 ina mpangilio wa kuzuia hilo; mara nyingi uko kwenye kujiamulia, na ukikosea uuweke wewe kwenye hezi 50. Msimbo ulioutoa kwa Mmarekani unaweza kuwa umeandikwa hezi 60, maana huko ndiyo umeme wao.

Gizani pia kamera hupunguza fremu kutoka 30 hadi 20 au 15 ili ipate mwanga wa kutosha. Video inaonekana nzito. Ongeza taa, au ilazimishe 30 ukubali picha yenye chembechembe.

Asubuhi kuna la kinyume chake. Bahari yetu iko mashariki, kwa hiyo ukirekodi wachezaji wakiwa wameipa mgongo bahari, kamera itapima jua na wao watakuwa vivuli. Mpe mtumiaji uwezo wa kugusa uso wa mchezaji ili mwanga upimwe hapo. Au wageuke.

Simu inapata moto na kurekodi kunasimama.

Kamera, kodeki, skrini na mtandao kwa pamoja ni jiko. Tangu Android 10 unaweza kuuliza mfumo hali ya joto. Ikipanda, teremsha ubora katika kipande kinachofuata badala ya kungoja simu ijikate. Punguza mwanga wa skrini. Simu isikae juani juu ya bati.

Mtu akipiga simu katikati ya kurekodi?

Kwenye Android, mazungumzo ya simu yana kipaumbele cha maikrofoni, nawe unaweza kuendelea kupata picha yenye sauti bubu. Kwenye iPhone kikao cha kamera hukatizwa na unapata taarifa. Nilichoamua mimi: funga kipande, onyesha ujumbe, anza kipande kipya simu ikikatwa. Na waambie watumiaji waweke simu kwenye hali ya ndege. Hawatafanya hivyo, lakini waambie.

Naweza kurekodi skrini ikiwa imezimwa, mtu asijue?

Hapana. Tangu Android 9 programu iliyo nyuma ya pazia hainyang'anyi kamera wala maikrofoni, iPhone nayo huikata kamera ukitoka, na tangu Android 12 na iOS 14 kuna kidoa cha kijani kinachomwambia mtumiaji kamera iko wazi.

Na hata ingewezekana, nisingekufundisha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na sura ya mtu ikitambulika ni taarifa yake. Sisi kabla ya kurekodi mazoezi ya watoto tulikaa na wazazi wao, tukawaonyesha video inakaa wapi, nani anaiona, na inafutwa lini. Mama mmoja alikataa. Mwanawe anacheza upande ambao kamera haifiki, na anacheza vizuri sana.

Naweza kusitisha kidogo kisha niendelee kwenye faili lilelile?

Ndiyo, CameraX ina kusitisha na kuendelea, na MediaRecorder inayo tangu Android 7.0. Lakini wakati umesitisha faili bado liko wazi, na hatari ya kuvunjika ni ileile. Mapumziko ya dakika 20 ya kunywa uji siyo kusitisha. Funga.

Nijaribie kwenye emyuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta?

Mpangilio wa skrini, sawa. Android ina chumba cha kubuni ambacho kamera yake inakitazama. Kiigizi cha iPhone hakina kamera kabisa. Majaribio ya kweli yafanye kwenye simu mbovu kuliko zote utakayoipata. Mimi nimeazima moja kwa jirani yangu wa Magomeni, ina nafasi ya gigabaiti 3 na betri inayozima kwenye asilimia 15. Imenifichulia makosa mengi kuliko simu yangu mpya.

Jaribu hivi: jaza hifadhi makusudi, anza kurekodi. Chomoa betri kama inachomoka. Nyima ruhusa katikati kupitia mipangilio. Zungusha simu. Piga simu. Kila mara, kagua faili lililobaki linafunguka.

Naweza kuanza kutuma video kabla mazoezi hayajaisha?

Faili moja refu, hapana, maana halina orodha mpaka lifungwe, na anayelipokea hataweza kulicheza. Vipande, ndiyo. Kila kipande kilichofungwa ni video kamili, kinaweza kuondoka huku kinachofuata kinarekodiwa. Tumia WorkManager, zana ya Android ya kazi za nyuma ya pazia, weka sharti la mtandao usiolipiwa kwa kipimo ili usimle mtu bando, na usifute kipande kwenye simu mpaka seva ijibu kwamba imekipokea chote, kwa idadi ileile ya baiti.

Kikundi chetu kina intaneti ya waya kwenye ofisi iliyo mkabala na uwanja wa mazoezi, na Wi-Fi yake inafika hadi chini ya mwembe. Kipande cha dakika mbili ni megabaiti 62. Siku ya kwanza mpango huu ulipofanya kazi, vijana walikuwa bado wanakunja ngozi na kubeba vigoda, na mwalimu, aliyetangulia nyumbani kwa ajili ya goti lake, akatuma ujumbe wa sauti: kipande cha saba, wa pili kutoka kushoto, mguu.